Kitabu cha Tuni za Violini za Uskoti: Majina ya Mabwana kwa Dola 12

Duka moja la fotokopi katikati ya Lubumbashi, si mbali na Posta, linauza kitabu cha nota ambacho mtu hakitarajii katika rafu iliyojaa madaftari ya shule, fomu na vitabu vya kwaya. Ni mkusanyo wa tuni za violini za Uskoti, nyingi za karne ya 18 na mwanzo wa karne ya 19, uliotayarishwa na mwalimu wa violini wa hapa jijini kwa ajili ya wanafunzi wake. Baadaye ulianza kutafutwa na wapigaji wa makanisani waliochoka kurudia mazoezi yale yale ya vitabu vya Kifaransa. Kitabu kimefungwa kwa spirali ya plastiki, kina maelezo ya Kiswahili chini ya kila tuni, na bei yake ni dola 12, ikiwa ni pamoja na rekodi za sauti zinazotumwa kwa WhatsApp baada ya malipo.

Ni vizuri mnunuzi ajue mapema kwamba nota zenyewe zinapatikana bure. Tuni hizi ni za zamani kiasi kwamba haki za watunzi wake zimekwisha, na Maktaba ya Taifa ya Uskoti, iliyoko Edinburgh, imeweka kwenye intaneti picha za mamia ya vitabu vya muziki wa aina hii kutoka katika makusanyo yake mawili yajulikanayo kwa majina ya Glen na Inglis. Mtu mwenye mtandao wa kuaminika, printa na subira anaweza kujitengenezea kitabu kama hiki nyumbani. Kwa hiyo kinachouzwa hapa ni uteuzi, maelezo, karatasi na kazi ya kufunga, na hivyo ndivyo nilivyovipima.

Uteuzi ndio sifa kubwa ya kitabu. Badala ya kuchagua tuni kwa urahisi wa vidole, kama wafanyavyo watungaji wengi wa vitabu vya mazoezi, mwalimu amechagua zile zilizopewa majina ya watu, kisha akaeleza kila mtu alikuwa nani na mpigaji violini alimtegemea kwa jambo gani. Katika utangulizi wake anasema bila kuzunguka kwamba majina hayo yalikuwa mabanga ya Waskoti (libanga ni jiwe kwa Kilingala, na kutupa libanga ni kutaja jina la mtu ndani ya wimbo), yaani yalitupwa kwa ajili ya watu wenye fedha, kama mwimbaji wa Kinshasa au wa hapa Lubumbashi anavyotaja majina ya wafanyabiashara, wanasiasa na wake zao katikati ya wimbo, kila mmoja akijua ametajwa kwa sababu gani. Wazo hili linashika, na mtu anayefungua kitabu bila kujua chochote kuhusu Uskoti ataelewa mara moja anasoma nini. Nitalirudia baadaye, kwa sababu naona ni kweli nusu tu.

Sehemu ya kwanza ni ya Niel Gow, na ndiyo iliyoandikwa vizuri kuliko zote. Gow alizaliwa mwaka 1727 katika Perthshire, akajifunza kazi ya kufuma nguo, na akaishi Inver, kijiji kidogo jirani na Dunkeld, hadi alipofariki mwaka 1807. Akiwa na umri wa miaka 18 hivi alishinda shindano la violini ambalo mwamuzi wake alikuwa mwanamuziki kipofu, na inasimuliwa kwamba kipofu huyo alisema angeutambua upinde wa Gow hata kati ya wapigaji mia moja. Walioishika riziki yake walikuwa Madyuki wa Atholl (Duke ni cheo cha juu cha mabwana wenye ardhi), watatu kwa kufuatana, na malipo yake ya mwaka kutoka kwao yanatajwa kuwa pauni 5. Kiasi hicho hakikumtosha mtu kuishi, lakini kilimfungulia milango. Mpigaji wa Duke aliitwa kwenye dansa za mabwana wengine, na huko ndiko kulikokuwa na fedha. Mwaka 1784 alipotoa mkusanyo wake wa kwanza wa tuni, aliuweka wakfu kwa mke wa Duke wa Atholl, kwa unyenyekevu mwingi wa maneno kama ilivyokuwa desturi.

Mwalimu anafafanua vizuri jinsi vitabu hivyo vilivyogharimiwa, na hapa maelezo yake yanazidi hata yale niliyowahi kuyasikia kwa wageni waliosomea muziki. Uchapaji wa nota kwenye mabamba ya metali ulikuwa wa gharama, kwa hiyo mtunzi alitafuta kwanza watu wa kuagiza nakala, na majina yao yakachapwa kwenye kurasa za mwanzo ili kila mnunuzi aone jirani zake wakubwa walioagiza. Ukisoma orodha ya waagizaji, kisha ukasoma vichwa vya tuni, utakutana na familia zile zile mara mbili: mara ya kwanza wakilipa, mara ya pili wakisifiwa. Vichwa vyenyewe vina umbo moja karibu kila mahali, yaani cheo, jina la ukoo na milki. Bwana fulani wa mahali fulani, mke wake, binti yake. Milki ilitajwa kwa sababu katika nchi ambako majina ya koo ni machache na watu wa jina moja ni wengi, ni shamba lililoonyesha ni Moray yupi au Grant yupi anayesemwa.

Kati ya tuni za Gow zilizomo, mbili zinastahili bei ya kitabu kizima. Ya kwanza ni maombolezo aliyomtungia James Moray wa Abercairny. Ni tuni ya polepole, isiyo ya kuchezwa, na inaonyesha kwamba mtu aweza kumtungia tajiri bila kuandika ubatili. Ya pili ni maombolezo ya kifo cha mke wake wa pili, Margaret Urquhart, aliyefariki mwaka 1805. Wapigaji wengi huihesabu kuwa tuni bora kuliko zote alizoacha, nami siwapingi. Sehemu yake ya pili inapanda hadi kwenye waya wa juu na kushuka kwa hatua ndogo ndogo, na mpigaji wa kawaida aliyezoea nyimbo za misa anaweza kuimudu akiwa na subira ya upinde. Mwalimu ameziweka tuni hizi mbili katika kurasa zinazotazamana, na sidhani ni bahati. Kichwa cha kwanza kinataja jina la marehemu pamoja na milki yake. Kichwa cha pili kinamtaja Niel Gow mwenyewe na kusema tu kwamba anamlilia mke wake wa pili. Margaret hayumo. Jina lake tunalijua kwa habari za maisha ya mume wake, na mwalimu amefanya vema kuliandika chini ya nota kwa herufi nzito.

Sehemu ya William Marshall ndiyo iliyonipendeza zaidi kwa habari na iliyonikasirisha zaidi kwa uzembe. Marshall (1748–1833) alizaliwa Fochabers, kaskazini mashariki mwa Uskoti, akaingia akiwa kijana katika utumishi wa nyumba ya Duke wa Gordon, akapanda hadi kuwa msimamizi wa nyumba na baadaye msimamizi wa mashamba ya bwana wake. Alikuwa mtu wa vipaji vingi. Alijifundisha kutengeneza saa, akajifunza elimu ya nyota na upimaji wa ardhi, na violini ilikuwa shughuli ya saa zake za mapumziko. Mshairi Robert Burns, ambaye alitembelea nchi hizo mwaka 1787 na kukutana na Gow pia, alimsifu Marshall kuwa mtunzi wa kwanza wa ngoma za Strathspey katika zama zake. Ngoma hizo huitwa kwa jina la bonde la mto Spey, na Fochabers iko kando ya mto huo huo.

Burns hakuishia kwenye sifa. Aliichukua tuni ambayo Marshall aliipa jina la binti wa Admiral Gordon, "Miss Admiral Gordon's Strathspey", na mwaka 1788 akaiandikia maneno ya kumtamani mke wake Jean aliyekuwa mbali. Leo waimbaji wanaoijua tuni hiyo kwa sababu ya Jean ni wengi kuliko wanaojua kwamba ilikuwa ya binti wa Admiral. Mwalimu anasimulia kisa hiki kwa aya moja nzuri, isiyo na pambo, na ningependa aya zote za kitabu zingekuwa hivyo.

Lakini uzembe wenyewe ndio huu: tuni mbili za Marshall, mojawapo ikiwa hiyo hiyo ya binti wa Admiral, zimewekwa katika sehemu ya Gow na kuandikwa kuwa za Gow, ilhali maelezo yaliyo chini yake yanamtaja Marshall. Anayesoma nota bila kusoma maelezo, yaani wanafunzi karibu wote, atabaki na jina lisilo sahihi. Kosa hili lingekuwa dogo katika kitabu kingine chochote. Katika kitabu kuhusu majina ni kubwa, hasa kwa kuwa Marshall aliwahi kulalamikia jambo hili hili kwa maandishi. Katika mkusanyo wake wa mwaka 1822 alieleza, kwa upole wa mtumishi aliyelelewa katika nyumba ya watu wakubwa, kwamba hakuwa na la kuwalaumu waliochapa tuni zake isipokuwa mambo mawili: hawakutaja jina lake, na tena waliyabadilisha majina aliyokuwa amezipa na kuweka mengine, ambayo kwayo nyingi zilikuwa zimekwisha kujulikana. Akina Gow walikuwa wachapaji kwa wakati huo. Nathaniel, mwana wa Niel, aliyeishi 1763 hadi 1831, alikuwa na biashara ya muziki mjini Edinburgh na wateja aliopaswa kuwaridhisha. Mchapaji mwenye wateja kama hao ana sababu ya kuipa tuni jina jipya.

Hapa ndipo ninapoachana na utangulizi wa mwalimu. Mabanga hutajwa kwa mdomo ndani ya wimbo, na yakisharekodiwa hayaondoki. Tajiri aliyelipa mwaka ule akifilisika, jina lake litaendelea kusikika kwenye baa za Kamalondo hata kama hakuna anayemkumbuka. Tuni ya violini haina maneno. Jina la mfadhili liko juu ya ukurasa tu, na ukifunga kitabu ukaanza kupiga, hakuna sauti hata moja inayosema huyu ni binti wa nani au shamba lake liko wapi. Ndiyo maana jina liliweza kung'olewa na kupachikwa lingine, na ndiyo maana mpigaji mmoja aliweza kuiuza tuni moja kwa familia mbili, iwapo familia hizo hazikukutana kwenye dansa moja. Wala si kama kasala, utenzi wa sifa wa Waluba, ambayo nayo mwalimu anaigusa kwa sentensi moja ya haraka. Kasala hutaja ukoo mzima, baba na baba wa baba, na anayesifiwa hawezi kubadilishwa na mwingine kwa sababu maneno yote yameshonwa juu yake. Tuni ya Uskoti iko huru kuliko zote mbili, na mfadhili aliyeilipia alinunua kitu chepesi mno.

Mfano unaothibitisha haya umo kitabuni, ingawa mwalimu ameupitia kwa mistari mitatu tu. Daniel Dow, mwalimu wa muziki wa Edinburgh aliyefariki mwaka 1783, alichapa karibu mwaka 1776 rili, yaani tuni ya dansa ya kasi, aliyompa Sir Archibald Grant wa Monymusk, milki iliyoko Aberdeenshire. Rili hiyo ilipendwa mno. Wapigaji wakaufupisha mdomoni ule mlolongo wa cheo na jina, wakaacha neno la mwisho tu, na "Monymusk" ikavuka bahari hadi Amerika Kaskazini, ambako watu waliicheza vizazi kwa vizazi na kuiandika "Money Musk", bila kufikiria kama kuna kijiji chenye jina hilo, sembuse bwana wake. Ningependa hapa kurasa mbili za maelezo badala ya mistari mitatu, hata kama ingebidi kuwaacha baadhi ya mabibi wa Perthshire ambao maelezo yao yanafanana kiasi cha kumchosha msomaji.

Sehemu ya mwisho ni ya James Scott Skinner, aliyezaliwa Banchory mwaka 1843 na kufariki mwaka 1927. Wakati wake mambo yalikuwa yamebadilika. Skinner alikuwa mwalimu wa dansa na mpigaji wa majukwaani, aliyeishi kwa tiketi na kwa masomo, naye aliwahi kurekodiwa kwa mashine za enzi zake. Hakuwa mpigaji wa Duke mmoja. Hata hivyo wafadhili hawakutoweka: mkusanyo wake wa mwaka 1881 ulibeba jina la msagaji wa nafaka wa Hirn, James Johnston, rafiki aliyemsaidia, na tuni yenyewe, "The Miller o' Hirn", ni Strathspey yenye nguvu ambayo mwanafunzi aliyeiva ataifurahia. Ninaona raha kidogo kwamba baada ya karne ya Madyuki, aliyepata tuni ni mtu wa kinu.

Baada yake kuna "The Bonnie Lass o' Bon Accord", ya mwaka 1884. Skinner aliitunga kwa ajili ya Wilhelmina Bell, mtumishi wa nyumbani aliyekutana naye kwenye dansa huko Aberdeen. Bon Accord ni neno la fahari la mji wa Aberdeen, hivyo kichwa kinamtaja tu kama msichana mzuri wa mji huo. Kwa mara ya pili katika kitabu, tuni inayopendwa kuliko nyingine ni ya mwanamke ambaye jina lake halimo kwenye kichwa, na kwa mara ya pili ni mwanamke asiyekuwa na cha kulipa. Mwalimu haoneshi kama ameliona hili, kwa maana hajaliandika popote, lakini mpangilio wake unamlazimisha msomaji alione.

Tuni ya mwisho kabisa ni "Hector the Hero" ya mwaka 1903. Hector MacDonald alikuwa mtoto wa mkulima mdogo, aliingia jeshini kama askari wa kawaida akapanda hadi kuwa jenerali, jambo la nadra sana katika jeshi la Uingereza la wakati ule, kisha akajiua mjini Paris mwaka huo wa 1903. Skinner alimtungia maombolezo. Marehemu wa namna hiyo hana zawadi ya kumpa mpigaji, na tuni haikuhitaji. Inachezwa hadi leo kwenye violini na kwenye zumari za mfuko, na kwa maoni yangu ndiyo tuni rahisi kuliko zote kitabuni kwa mtu anayeanza, kwa kuwa ni ya mapigo matatu, ya polepole, na haina kuruka waya kwa ghafla. Ningeiweka mwanzoni.

Sasa niseme kuhusu karatasi. Jalada lina picha ya Niel Gow iliyochorwa na mchoraji Raeburn, ambamo mzee amekaa na violini yake amevaa suruali fupi ya mistari ya Kiskoti. Katika nakala yangu suruali imegeuka doa jeusi na uso umebaki nusu. Nilipouliza, mama wa duka alinijibu kwa upole, "Papa, ile ya rangi iko, ila unaongeza dola mbili." Ningemshauri mnunuzi asiongeze, kwa sababu tatizo kubwa liko ndani. Picha za vitabu vya zamani vilivyochapwa kwa upana zimebanwa ili ziingie kwenye karatasi ya A4 iliyosimama, na mstari wa besi umepungua hadi nota zake zinaonekana kama vumbi. Si jambo dogo. Niel Gow alipiga pamoja na ndugu yake Donald aliyeshika selo, na vitabu vya wakati ule vilichapwa na mstari wa besi kwa ajili ya selo au kinanda. Kikundi chochote cha kanisa hapa Lubumbashi chenye violini mbili na selo moja kingeweza kupiga kurasa hizo kama zilivyo, laiti mwenye selo angeweza kuzisoma. Tena mashine ya kutoboa mashimo ya spirali imepita juu ya alama za mwanzo wa mstari katika kurasa kadhaa za kushoto, ikaondoa idadi ya mapigo, na katika ukurasa mmoja imeondoa alama ya kupandisha nota ya C. Anayeipiga tuni hiyo kama ilivyoandikwa atapata kitu cha huzuni ambacho mtunzi hakukikusudia.

Faharasa nayo imepangwa kwa herufi ya kwanza ya kichwa, pasipo kufikiri. Kwa kuwa vichwa vingi huanza kwa cheo, karibu nusu ya kitabu imeangukia kwenye M: kuna msururu wa "Miss", kisha msururu wa "Mrs", halafu "Mr" kadhaa na "Marquis" mmoja katikati yao. Anayemtafuta Moray wa Abercairny inabidi ajue kwanza kama alikuwa bwana, bibi au marehemu. Kupanga kwa jina la ukoo au kwa milki kungechukua kazi ya jioni moja.

Rekodi za WhatsApp zimepigwa na mwalimu mwenyewe, bila wasindikizaji, katika chumba chenye mwangwi kidogo. Sauti yake ni safi, na kwenye tuni za polepole anapiga vizuri sana, hasa ile ya mke wa Gow ambayo hakuipamba kwa mitetemo mingi. Kwenye rili hana tatizo. Kwenye Strathspey analainisha mno, na hili ni la kuangaliwa kwa sababu wanafunzi wataiga wanachosikia kabla ya kusoma. Katika ngoma hii pigo moja hugawanywa sehemu mbili zisizolingana: nota fupi huchukua robo ya pigo, ndefu huchukua robo tatu, na mara nyingi ile fupi ndiyo inayotangulia na kubeba mkazo wote, kisha ile ndefu ikaning'inia nyuma yake. Mwalimu anaifanya fupi kuwa theluthi, na papo hapo muziki unakuwa wa kuyumba polepole kama wimbo wa matoleo. Anayetaka kusikia tofauti na aweke upinde karibu na ncha, apige nota fupi kwa kuuvuta kidogo tu, kisha ausukume upinde juu kwa nguvu kwenye nota ndefu. Ni mpigo huo wa kupanda ambao watu wa zama za Gow waliusifu kwake.

Wapiga gitaa nao wasiogope kitabu kwa kuwa kimeandikiwa violini. Tuni nyingi ni za sehemu mbili fupi zinazorudiwa, na nyingi kati yake hukaa juu ya kodi (sauti kadhaa zinazopigwa pamoja) mbili tu zilizoachana kwa hatua moja nzima, A na G kwa mfano, zikirukiana bila kupitia njia ambayo sebene, ile sehemu ya gitaa katika muziki wa Kongo, imetuzoesha. Nimesikia kijana mmoja wa Katuba akiisindikiza "Monymusk" kwa gitaa, na baada ya muda mfupi alikuwa ameshaacha kutafuta kodi ya tatu ambayo haikuwepo.

Huduma ya duka ni ya heshima. Umeme ukikatika wanakuambia ukweli badala ya kukuahidi saa moja isiyofika, na waliobadilishiwa nakala zenye kurasa zilizopinda hawakudaiwa chochote. Malipo ni kwa dola au kwa faranga kwa kiwango cha siku, na pia kwa simu. Rekodi hazitumwi mpaka ukumbushe, kwa hiyo kumbusha.

Kwa dola 12 ningekipendekeza kwa mwalimu yeyote wa violini wa Lubumbashi au Likasi, na kwa mwanafunzi mwenye angalau miaka michache ya upinde. Anayeanza kabisa asubiri, au anunue kwa ajili ya kusoma habari tu, ambazo peke yake zinatosha. Mwenye selo asinunue kitabu kilichofungwa. Aombe kurasa za besi zichapwe upya kwa karatasi ya A3 iliyolala, kazi ambayo duka lilikubali kunifanyia kwa faranga mia chache kwa ukurasa, na nota zikasomeka. Kabla ya kulipa, fungua ukurasa wa "Miss Admiral Gordon" uone kama jina la Gow bado liko juu yake. Mwalimu ameahidi kulirekebisha katika nakala zitakazofuata, na nakala za zamani bado zipo kwenye rafu zikichanganyika na mpya.